Taa Hafifu Iliyoungua Baada ya Kutengenezwa: Uchambuzi wa Kisa cha Pikipiki Kuukuu ya CC 125

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mahali ambapo msimu wa baridi ukungu hushuka mapema jioni na mtu asiye na taa hulazimika kushuka na kukokota pikipiki yake. Majina, namba ya usajili na mahali hasa vimeondolewa. Vipimo vinavyotajwa ni vile nilivyoviandika kwenye daftari la karakana wakati kazi ikiendelea. Mwenye pikipiki ni bwana shamba mstaafu, ambaye hapa ataitwa Mzee.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, yenye injini ya mipigo minne ya CC 125 na umeme wa volti 12, iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Imepita mikononi mwa watu wengi, na mwaka mmoja kabla ya kisa hiki fremu yake ilivuliwa kila kitu ikapigwa rangi upya. Habari hiyo ya rangi Mzee aliitaja kwa fahari, nami niliipokea kama mazungumzo tu, bila kujua kwamba nusu ya jibu ilikuwa humo.

Ili yaliyotokea yaeleweke, ni lazima kwanza kueleza jinsi umeme wa pikipiki ya aina hii unavyogawanyika, kwa maana kuna mifumo miwili inayokaa ndani ya shada moja la nyaya. Taa ya mbele na taa ndogo ya nyuma hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili iliyo ndani ya magneti, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, kupitia waya wa njano, na umeme huo ni mkondo geu (AC) ambao nguvu yake hupanda na kushuka kwa kadiri injini inavyozunguka. Taa ya breki, indiketa na honi hutumia mkondo nyoofu (DC) wa betri. Kati ya mifumo hiyo kuna regyuleta yenye nyaya nne: mweupe unaoleta umeme wa kuchajia, mwekundu unaokwenda kwenye betri, wa njano uliounganishwa na laini ya taa, na wa kijani unaokwenda kwenye bodi, yaani chuma cha fremu. Kwa upande wa taa, regyuleta haikai katikati ya njia kama bomba linavyokaa kati ya tangi na ndoo. Imekaa pembeni, kama mfereji wa kupunguzia maji. Volti ya waya wa njano ikizidi kiwango, regyuleta humwaga ziada hiyo kwenye bodi kupitia waya wake wa kijani.

Waya wa kijani ndio waya wa bodi, au ethi kama wengi wetu tunavyouita, katika pikipiki za Honda na nyingi zilizofuata mtindo wake. Mweusi huko ni waya wa moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Katika Yamaha mambo ni kinyume, kwa kuwa mweusi ndio wa bodi. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika pikipiki hii nilikuta alama za fundi aliyewahi kuuunga waya mweusi kwenye fremu, akapata shoti, akauondoa, kisha akafunika kovu kwa solotepu.

Malalamiko na kazi za mafundi waliotangulia

Mzee alikuwa na malalamiko matatu. Taa ya mbele ilikuwa hafifu, ya rangi ya machungwa, na ilipata nguvu ya kuridhisha pale tu alipovuta mafuta sana. Indiketa zilifanya kazi, lakini akikanyaga breki zilisimama, zikabaki zimewaka bila kupepesa. Honi ilikoroma. Aliniambia kwa lugha yake: “Kijana wangu, hii taa ni kama mshumaa, nikipiga resi inakuwa taa, nikiachia inarudi kuwa mshumaa.”

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kuishughulikia. Wa kwanza alibadilisha betri, na hali haikubadilika. Wa pili alibadilisha regyuleta, miezi mitano kabla ya Mzee kufika kwangu, na baada ya hapo taa ikawa na nafuu kidogo kwenye mwendo mkubwa, jambo lililowafanya wote wawili waamini kwamba kazi ilikuwa imefanyika nusu na kwamba regyuleta mpya ilikuwa feki. Nafuu hiyo nitairudia baadaye, kwa kuwa haikuwa nafuu.

Wote wawili walipima waya wa bodi kwa mlio wa mita, na mita ikalia. Mita nyingi za bei ya kawaida hulia hata penye ukinzani wa makumi ya omu, na mlio huo haumwambii fundi zaidi ya kwamba kuna njia fulani, iwe pana au nyembamba kama uzi. Kwenye laini inayobeba ampea mbili au tatu, omu moja tu inatosha kuua taa.

Uchunguzi wa siku ya kwanza

Nilianza na fyuzi, nikakuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Niliiondoa, nikaweka ya ampea 10 kama kijitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na niliamua kutogusa kitu kingine kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu kuchunguza shoti kwenye laini isiyo na fyuzi ni kuhatarisha shada zima la nyaya.

Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imepumzika. Maji yake yalikuwa chini ya mstari katika vyumba vyote sita, na Mzee alisema kwamba siku hizi huongeza maji ya betri karibu kila wiki. Nilimwambia aendelee kuangalia, nikasonga mbele. Hilo ni kosa la kwanza katika kisa hiki na ni langu.

Kwa kuwa malalamiko yalihusu mifumo yote miwili, wa betri na wa koili, niliona kwamba mtuhumiwa mkubwa ni kitu ambacho mifumo hiyo inakitumia kwa pamoja, na kitu hicho ni njia ya kurudia, yaani nyaya za kijani. Badala ya kupima ukinzani, nilipima upotevu wa volti huku taa ikiwaka, kwa maana waya mbovu hujidhihirisha pale unapobebeshwa mzigo. Mzee alikanyaga breki. Mita kwenye ncha mbili za holda ya taa ya breki ilisoma volti 9.7, ilhali betri wakati huohuo ilikuwa na 12.4. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa kijani wa holda na nyingine kwenye hasi ya betri. Kama njia ya kurudia ingekuwa nzima, pangesomeka sifuri au karibu yake; palisomeka volti 2.4. Upande wa chanya ulikuwa umepoteza volti 0.3 tu, kiasi kinachovumilika kwa swichi ya umri huo.

Hesabu yake ni fupi. Taa ya breki ya wati 21 ikiwa na volti 9.7 huvuta kama ampea 1.6, na volti 2.4 zikigawanywa kwa ampea hizo hutoa omu 1.5. Ukinzani huo mdogo, ambao mita yenye mlio huupigia kelele za furaha, ukipitishiwa mkondo wa taa ya mbele ya wati 35 unameza volti kama tatu na nusu. Ndiyo maana taa ilikuwa mshumaa, na ndiyo maana indiketa zilisimama breki ilipokanyagwa: flasha (kifaa kinachozifanya indiketa zipepese) ya zamani ya kupashwa joto huhitaji mkondo wa kutosha ili ikate na kuunga, na breki ilikuwa inazinyang'anya indiketa njia yao ya kurudi.

Matengenezo ya kwanza

Nyaya zote za kijani za shada hilo huishia kwenye pete moja ya shaba iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu, chini ya tangi, karibu na koili ya plagi. Tulitoa tangi. Pete ilikuwa imekaa juu ya rangi nyeusi nzito, na bolti yenyewe ilikuwa imerudishwa kabla rangi haijakauka vizuri, hivyo kwamba nilipoifungua ilitoka na utando wa rangi kama ngozi ya uji uliopoa. Mahali pekee ambapo chuma kilikutana na chuma palikuwa kwenye hatua mbili au tatu za nyuzi za bolti, nazo zilikuwa na kutu.

Nilikwangua rangi upana wa pete, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikasafisha pete, nikaweka wosha ya nyota ili ing'ate, nikakaza, kisha nikapaka grisi kwa juu kuzuia maji. Grisi ilipakwa baada ya kukaza, kwa kuwa mguso wa chuma na chuma hauhitaji kitu katikati. Upotevu wa volti ulishuka kutoka 2.4 hadi 0.08. Breki ikang'aa, indiketa zikapepesa breki ikiwa imekanyagwa, na honi ikalia sauti yake ya zamani mpaka watoto waliokuwa jirani wakacheka.

Niliwasha injini, nikaona taa ya mbele ni nyeupe hata injini ikizunguka polepole, nikapiga resi kidogo, nikaridhika. Jua lilikuwa linazama na Mzee alikuwa na kilomita 18 za barabara ya vumbi mbele yake. Nilimkabidhi ufunguo. Sikupima volti ya waya wa njano kwenye mwendo mkubwa, jambo ambalo lingechukua dakika tatu.

Siku ya tatu

Mzee alirudi akiwa na balbu mbili kwenye mfuko wa shati. Taa ya mbele ilikuwa imeungua jioni ileile, kwenye mteremko, akiwa katika mwendo; aliposhtuka akahamishia full, yaani mwanga wa mbali, nayo ikadumu dakika chache. Taa ya nyuma ilikufa pia. Alimaliza safari kwa tochi ya simu iliyofungwa kwenye usukani kwa mpira wa baiskeli. Hakuwa na hasira, na hilo lilinilemea zaidi kuliko angekuja akigomba.

Balbu hizo zilistahili kutazamwa kabla ya kutupwa. Ile ya mbele ilikuwa na kioo kilichofunikwa kwa ndani na rangi ya moshi yenye kung'aa kama kioo cha kujitazamia, na nywele zake zote mbili, yaani nyuzi zinazowaka, zilikatika zikaacha vishanga vidogo vya chuma kilichoyeyuka kwenye ncha. Balbu iliyokatwa na mtikisiko huwa na kioo safi na nywele iliyovunjika bila kuyeyuka. Hii iliuawa na volti. Balbu ya nyuma ilisema zaidi. Ni balbu moja yenye nywele mbili, ya wati 5 kwa taa ndogo na ya wati 21 kwa breki. Nywele ya wati 5 ilikuwa imeyeyuka; ya breki, iliyo ndani ya kioo hichohicho na iliyopata mtikisiko uleule, ilikuwa nzima. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye laini ya njano, wala si kwenye betri, holda au barabara.

Kutafuta chanzo cha pili

Niliamua kutofunga balbu mpya. Niliweka balbu ya zamani ya wati 35 ambayo sikuihurumia, nikaweka mita kwenye mkondo geu kati ya waya wa njano na bodi, nikapandisha mwendo taratibu. Injini ikizunguka polepole palisomeka volti 11.8; kwenye mwendo wa kati 16; na iliposoma 19 niliachia mafuta, wakati injini ilikuwa bado na mwendo mwingi wa kwenda. Betri ilisoma 15.8 ilipofikishwa mwendo wa kati, na ndipo nilipokumbuka yale maji yaliyokuwa yakikauka kila wiki.

Regyuleta haikuwa ikimwaga chochote. Mzee alikwisha kujiandaa kununua nyingine, na mtu yeyote aliyekuwa pale karakana angeapa kwamba ile ilikuwa feki. Lakini regyuleta isiyofanya kazi na regyuleta nzima isiyofika kwenye bodi hutoa dalili zilezile, na kuzitofautisha kunahitaji kipande cha waya tu. Niliunga waya kutoka hasi ya betri, nikaichomeka ncha yake nyuma ya soketi ya regyuleta mpaka ikagusa pini ya kijani ya regyuleta yenyewe. Volti ya waya wa njano, ambayo wakati huo ilikuwa 17, ilianguka hadi 13 hapohapo, na sauti ya injini ikashuka kidogo kwa mzigo ulioongezeka. Nilipoondoa waya, ilipanda tena. Regyuleta ilikuwa nzima.

Nilifungua soketi. Pini tatu za upande wa shada zilikuwa zimekaa sawa, ya nne, ya kijani, ilikuwa imerudi nyuma kama milimita nne, na juu yake palikuwa na unga wa kutu ya kijani. Kila pini ya aina hiyo ina kiulimi kidogo kinachoishikilia ndani ya plastiki. Kiulimi cha pini hii kilikuwa kimelala. Fundi aliyefunga regyuleta mpya miezi mitano nyuma alisukuma soketi kwa nguvu, pini ikarudi nyuma, na kuanzia hapo regyuleta ilikuwa imekaa pale kama pambo. Ile nafuu ya taa kwenye mwendo mkubwa ilitokana na volti kukosa wa kuizuia.

Niliikata pini, nikabana nyingine mpya kwa koleo la kubania, nikaivuta kuhakikisha kiulimi kimeshika, kisha nikatoa waya wa ziada kutoka kwenye laini ya kijani karibu na soketi hadi kwenye bolti ya fremu ya jirani. Sikutumia risasi ya kulehemu. Najua wenzangu wengi huipenda, lakini waya uliolehemewa huwa mgumu mahali risasi inapoishia, na kwenye pikipiki inayotikisika kutwa hukatika hapohapo, tena ndani ya ganda ambako jicho halioni.

Mzee aliuliza kama asingeweka tu taa ya LED aliyoiona dukani, ili aachane na balbu. Nilimshauri asubiri. Taa nyingi za LED zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa mkondo nyoofu. Zikiunganishwa kwenye laini ya koili hupepesa, na laini ikiwa na volti 19 zingekufa kabla ya balbu.

Matokeo

Baada ya matengenezo ya pili, waya wa njano ulibaki kati ya volti 12 na 13.5 kuanzia mwendo wa kati hadi mkubwa, na betri ilisoma 14.2. Namba za waya wa njano zichukuliwe kwa tahadhari: regyuleta hukata vilele vya mkondo, na mita ya kawaida hukisia tu wimbi lisilo laini. Kinachoaminika ni kwamba namba haikupanda pamoja na injini. Mzee alirudi baada ya miezi miwili kwa ajili ya mnyororo. Balbu zilikuwa zilezile na maji ya betri hayakuwa yameongezwa. Gharama ya vifaa katika kisa chote ilikuwa balbu mbili, fyuzi, pini na waya.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa ni kupima upotevu wa volti chini ya mzigo. Kipimo hicho kimoja kilipita kazi ya mafundi wawili na betri moja mpya, na kilionyesha mahali ilhali vifaa vyote bado viko kwenye pikipiki. Vilevile jaribio la waya kwenye pini ya regyuleta liliokoa fedha ambayo Mzee alikuwa tayari kuitoa.

Kilichoshindwa kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu matengenezo ya kwanza yalikuwa sahihi na ndiyo yaliyounguza balbu. Hitilafu hizo mbili zilikuwa zinapingana. Ile omu moja na nusu kwenye pete iliyopakwa rangi ilikuwa ikimeza volti ambazo regyuleta iliyokatika ilishindwa kuzimwaga. Koili ilipotoa 18, balbu ilipata kama 14, na Mzee akaiona taa nzuri. Nilipoondoa ukinzani huo niliondoa kinga pekee iliyobaki. Pikipiki ililetwa ikiwa na ugonjwa unaofifisha taa, nami nikaacha kutafuta pale taa ilipong'aa, nisijiulize kama iling'aa kupita kiasi.

Ishara zilikuwapo. Betri inayokausha maji kila wiki haina uhusiano na ethi mbovu ya taa. Inaashiria chaji iliyozidi, na chaji iliyozidi inaelekeza kwenye regyuleta. Kauli ya Mzee kwamba taa hupata nguvu injini ikipigwa resi nayo ilikuwa na maana mbili: kwenye taa inayolishwa na koili mabadiliko kidogo ni ya kawaida, lakini taa iliyotoka mshumaa ikawa taa kamili ilionyesha kwamba koili ilikuwa ikitoa volti nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Nilipoona dalili tatu zinaelezwa na chanzo kimoja, niliiweka pembeni ile ya nne kwa kuwa haikuingia kwenye maelezo yangu.

Tangu hapo, katika daftari la karakana pameongezwa mstari mmoja kwa kila kazi ya taa: volti ya waya wa njano na ya betri, injini ikiwa polepole, kati na juu, kabla na baada. Kwa pikipiki za zamani zaidi za volti 6, ambazo nyingi hazina regyuleta ya taa kabisa, mstari huo hausaidii vilevile. Huko balbu zenyewe ndizo mzigo unaozuia volti isipande, na koili ilipangiwa wati fulani kamili. Balbu ya nyuma ikiungua, ya mbele hupokea ziada yake na mara nyingi huifuata. Kwa hizo, kitu cha kwanza kusomwa ni wati zilizoandikwa kwenye kitako cha kila balbu, kabla mita haijatolewa mfukoni.